Bandari ya Kale na Maandishi Yasiyosomeka

Leo tuzungumze habari za Lothal, bandari ya kale iliyoko India, katika jimbo la Gujarat. Watu waliishi hapo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Kwa muda mrefu palionekana kilima tu. Wenyeji walipaita Lothal, maana yake kilima cha wafu. Mwaka 1955 wataalamu wa mambo ya kale, wakiongozwa na S. R. Rao, walianza kuchimba. Wakakuta nini? Mji mzima! Mna mitaa, visima, mifereji ya maji machafu, na karakana ya shanga za akiki.

Kando ya mji kuna shimo kubwa lililojengwa kwa matofali ya kuchoma. Urefu wake unazidi meta 200, na upana ni kama meta 36. Wapo wataalamu wanaosema vyombo vya baharini viliingia humo kupakia na kupakua. Wengine wanabisha, wanasema lilikuwa bwawa la maji tu. Lakini biashara ya mbali ilikuwapo, maana hapo uliokotwa muhuri wa nchi za Ghuba ya Uajemi.

Sasa tusikilizane vizuri. Wafanyabiashara wa Lothal walifunga mizigo kwa kamba, wakabandika udongo mbichi kwenye fundo, kisha wakaugonga muhuri wenye maandishi. Siku moja ghala likaungua. Moto ule ukauchoma udongo ukawa mgumu kama chungu. Alama za mihuri, na hata za kamba, zinaonekana mpaka leo.

Mafuriko nayo yaliusumbua mji mara kwa mara. Watu waliinua misingi kwa matofali ya udongo, wakajenga tena. Mwishowe mji ukahamwa, na maandishi yale yakaachwa kutumika. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma kwa hakika. Herufi zipo, twaziona kwa macho, lakini hatujui zinasema nini.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata daftari likikosa msomaji, habari hupotea vilevile!

Basi ndugu, tusiishie kwenye cheti cha kisomo. Tusome stakabadhi zetu wenyewe, tuandike mapato ya shamba, na jioni tukae na wajukuu tusome pamoja. Elimu haina mwisho.