Shahada Inayohojiwa Mahakamani: Elimu ya Uzamili katika Sayansi Jinai



Aprili 2017, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ilifuta kwa mkupuo kesi zaidi ya 21,000 za dawa za kulevya. Haukuwa msamaha. Kesi zote hizo zilipitia mikononi mwa mkemia mmoja, Annie Dookhan, aliyefanya kazi katika maabara ya serikali mjini Boston kuanzia 2003 hadi 2012. Sampuli nyingine hakuzipima kabisa; alizitazama kwa macho, kisha akaandika majibu. Nyingine zilizotoka safi alizichafua ili zioane na matarajio ya polisi. Wenzake waliona anamaliza kazi nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, wakanong'ona, wengine wakalalamika, na kazi ikaendelea. Mwaka 2013 alikiri makosa, akahukumiwa kifungo cha miaka 3 hadi 5. Shtaka mojawapo linavihusu vyuo vikuu moja kwa moja: alidai kwa kiapo kwamba ana shahada ya uzamili ya kemia. Hakuwa nayo.

Swali la mhadhara huu linatoka hapo. Shahada ya uzamili ya sayansi jinai inampa mtu kitu gani ambacho cheti cha kubuni hakiwezi kumpa? Ujuzi wa kuendesha mashine hautoshi kuwa jibu, kwa maana hata Dookhan alijua kuziendesha. Shahada yenye thamani humfundisha mchunguzi kuonyesha jinsi jibu lake lilivyopatikana, na kutamka waziwazi mahali linapokomea.

Uchukuliwe mfano wa unga unaoshukiwa kuwa kokeini. Mchunguzi hudondoshea chembe chache tone la kobalti thiosianeti. Kokeini ikiwemo, hugeuka buluu. Lakini lidokeini, dawa ya ganzi inayotumiwa na madaktari wa meno, nayo inaweza kuleta buluu. Kwa hiyo rangi ni dokezo tu. Kinachofuata ni kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi, mitambo inayotenganisha mchanganyiko na kuipima molekuli kwa vipande vyake. Hata hapo, kabla ya sampuli, mchunguzi makini hupitisha kiyeyusho kitupu, ahakikishe mashine haijabakiza kitu cha kesi iliyotangulia. Matokeo ya kiyeyusho hicho huingia kwenye jalada. Siku ya kesi, wakili wa utetezi ana haki ya kuyaulizia, na ukurasa usiokuwepo hauna wa kuutetea.

Fani hii ilianza kupata makao chuoni mwaka 1909, Rodolphe Archibald Reiss, mkemia na mpiga picha, alipoanzisha shule ya sayansi jinai katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi. Mwaka uliofuata Edmond Locard alifungua maabara yake ya polisi mjini Lyon, Ufaransa. Lakini ugunduzi uliotikisa mahakama za dunia ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa akiwatafuta wahalifu. Tarehe 10 Septemba 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alikuwa akichunguza tofauti za kurithi kati ya watu alipoona kwamba vinasaba vinaweza kumtambulisha mtu mmoja mmoja. Polisi wa eneo hilo walipomwomba msaada katika mauaji ya wasichana wawili, kazi ya kwanza ya vinasaba ilikuwa kumsafisha kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri moja ya mauaji hayo. Muuaji halisi, Colin Pitchfork, alihukumiwa Januari 1988.

Uzoefu peke yake haumkingi mtu na makosa. Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid na kuua watu zaidi ya 190. Alama ya kidole ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na vifaa vya kufyatulia mabomu. Kompyuta ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa orodha ya watu 20 wenye alama zinazokaribiana, na wataalamu wakamchagua Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Wachunguzi watatu wa FBI walikubaliana. Polisi wa Hispania walipojibu kwamba hawaoni mlingano, FBI ilishikilia msimamo wake. Mayfield alikaa kizuizini wiki mbili, mpaka Hispania ilipomtaja mwenye alama, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani iliomba radhi na baadaye ikalipa dola milioni 2.

Mwanasaikolojia Itiel Dror na wenzake walilifanyia tukio hilo jaribio, wakalichapisha 2006. Waliwapa wataalamu watano wa alama za vidole jozi ambazo kila mmoja wao miaka ya nyuma alikuwa ametamka kuwa zinalingana, lakini wakawaambia kwamba hizo ndizo alama zilizoikosesha FBI. Wanne walibadili uamuzi wao: watatu walisema hazilingani, mmoja akasema haiwezekani kuamua. Alama zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni maneno waliyoambiwa kabla ya kutazama. Ndiyo maana kozi nzuri ya uzamili huwa na somo la saikolojia ya uamuzi, na humzoeza mwanafunzi kupima sampuli bila kusimuliwa habari za mshukiwa.

Somo la takwimu lina uzito uleule, ingawa wanafunzi wengi hulikwepa. Shahidi anasema uwezekano wa mtu asiyehusika kuwa na vinasaba vya namna hii ni 1 kwa 1,000,000. Baadhi ya wasikilizaji wataelewa kwamba uwezekano wa mshtakiwa kuwa hana hatia ni 1 kwa 1,000,000. Sivyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Kwa kipimo hicho, kiasi cha watu 62 wangeweza kulingana kwa bahati tu. Shahidi asiyeweza kuifafanua tofauti hiyo kwa Kiswahili chepesi anaweza kumfunga mtu kwa namba sahihi.

Afrika Mashariki haianzi sifuri. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Tanzania ina historia inayorudi 1895, enzi za Wajerumani, na sheria ya kudhibiti matumizi ya vinasaba vya binadamu ilitungwa 2009. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kumbukumbu za maandishi za safari ya kielelezo: nani alikikamata, nani alikitunza, kilikwenda kwa nani na lini. Maabara inaweza kupima vizuri kabisa na kesi ikaanguka kwa sababu ya bahasha iliyofika bila lakiri.

Nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kikundi cha kidini ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia 2023. Miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa familia Machi 2024. Mwili uliokaa ardhini huharibika vinasaba, kwa hiyo mara nyingi mchunguzi hutegemea meno na mifupa. Tena lazima apate ndugu wa kulinganisha naye, na pale mama na watoto walipoangamia pamoja, hubaki jamaa wa mbali ambao ulinganifu wao ni dhaifu zaidi. Kazi ya namna hii haimalizwi na mtu aliyehudhuria semina ya wiki mbili.

Kwa kijana anayetafuta nafasi ya masomo, msingi ni shahada ya kwanza iliyoshiba: kemia, biolojia, famasia au kompyuta. Ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya 2009, iliyozikosoa vikali mbinu nyingi za fani hii isipokuwa vinasaba, ilipendekeza fedha za umma ziwavute wanasayansi wa namna hiyo kwenye masomo ya uzamili. Uingereza kozi nyingi ni za mwaka mmoja. Marekani kwa kawaida ni miaka miwili, na zilizo imara huwa na ithibati ya tume iitwayo FEPAC. Kabla ya kulipa ada, mwombaji aulize saa za maabara ni ngapi, tasnifu inatumia data halisi au la, na kama wahadhiri wamewahi kutoa ushahidi mahakamani. Ajira katika maabara za serikali ni chache, ila ujuzi uleule unatafutwa kwenye viwanda vya dawa, ukaguzi wa chakula na upimaji wa wanamichezo.

Vyuo navyo vina la kufanya. Takwimu iwe somo la lazima, ifundishwe kwa majalada ya kesi zilizokwisha. Maabara za mafunzo zichanganye sampuli za siri ambazo jibu lake analijua msimamizi peke yake, na kiwango cha makosa kibandikwe ukutani kila muhula. Na mtihani wa mwisho ufanyike katika mahakama ya mafunzo: mwanafunzi wa sayansi jinai atoe ushahidi, mwanafunzi wa sheria amuulize maswali ya dodoso, wote wawili wapewe alama. Vitivo vingi vya sheria tayari vina ukumbi wa namna hiyo. Kinachohitajika ni wakuu wa vitivo viwili kukaa pamoja na kupanga ratiba kabla mwaka wa masomo haujaanza.