NGOZI YA MTOTO ISILAZIMISHWE
Mazungumzo juu ya afya ya watoto wa kiume wasiotahiriwa

(Yalitolewa na Katibu wa Tawi la Chama mbele ya wanachama wa ushirika na darasa la kisomo, kwenye ghala la pamba. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa faida ya wale ambao hawakuwepo.)



Leo nasema juu ya jambo ambalo tunalionea haya. Bei ya pamba tunaijua kuizungumza, hata panya wa ghalani tunawazungumza. Lakini likitajwa govi la mtoto, kila mtu anaangalia miguu yake. Basi mimi nalitaja kwa jina lake, govi, wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi wamalize, tuendelee na kazi. Mtoto akiumwa hana haya yeye, analia tu.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Mafunzo yale yalionyesha kwamba maradhi mengi yanaingia nyumbani kwa kutojua, na yanatolewa kwa kujua na kutenda. Sisi leo tunafuata njia ile ile. Haya ninayoyasema niliyapata kwa tabibu wa zahanati, nikayaandika kwenye daftari, naye akayapitia kabla sijasimama hapa.

Kwa nini tunasema leo? Msimu huu, hapa hapa kijijini, mtoto wa miaka mitatu alikuwa anaogeshwa. Bibi yake aliambiwa kuwa ndani ya govi mna uchafu na lazima utolewe. Akalivuta nyuma kwa nguvu, akapaka sabuni. Ngozi ikakataa kurudi mbele. Ikakaa pale nyuma ya kichwa cha uume kama mpira wa kufungia. Jioni pamevimba. Asubuhi mtoto hawezi kukojoa, analia mpaka sauti imekauka. Majirani wakagawanyika. Mmoja akasema apakwe majivu, mwingine akasema aitwe yule bwana wa wembe anayekaa mnadani. Baba mtu akakodi pikipiki, akamfikisha kituo cha afya. Ngozi ikarudishwa, mtoto akakojoa. Tabibu alisema wangengoja zaidi, damu ingekosa njia na kile kichwa kingeanza kuoza.

Wenyewe wamekubali nilisimulie bila kutaja nyumba. Na naomba bibi yule asinyooshewe kidole. Alifanya kwa mapenzi, na wengi hapa tungefanya vile vile. Kosa ni kwamba hatujafundishana. Sasa tufundishane.

JAMBO LA KWANZA: MTOTO AMEUMBWAJE

Mtoto wa kiume anapozaliwa, govi lake limeshikamana na kichwa cha uume. Ni kama embe bichi na ganda lake: ukilimenya unang'oa na nyama. Embe likiiva, ganda linaachia lenyewe. Govi nalo ni hivyo hivyo. Linaachia lenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka.

Mwaka 1949 daktari wa Uingereza, Douglas Gairdner, aliandika kuwa kati ya watoto wachanga 100 ni kama 4 tu ambao govi lao linafunguka lote. Waliobaki wote limeshikamana, na si wagonjwa. Mwaka 1968 daktari wa Denmark, Jakob Øster, alitoa taarifa ya wanafunzi wa shule aliowapima kwa miaka kadhaa. Wenye umri wa miaka 6 na 7, zaidi ya nusu bado ngozi ilikuwa imeshikamana mahali fulani. Walipofika miaka 16 na 17, walibaki kama 3 katika 100. Nani aliwafungua? Hakuna. Ni umri.

Kwa hiyo, mama, mwanao wa miaka miwili au mitano govi lake halifunguki, hana kilema. Wengine linafunguka mapema, wengine mpaka wabalehe. Mtoto wako usimlinganishe na wa jirani.

Yapo mambo mawili yanayotisha watu bure. La kwanza, mtoto anapokojoa govi linafura kama puto, halafu linanywea. Kama mkojo unatoka vizuri na mtoto halii, hiyo ni dalili kwamba ngozi inaanza kuachia. La pili, chini ya ngozi unaona kivimbe cheupe au kinjano, laini, hakiumi. Ule si usaha. Ni ngozi iliyokufa inayojikusanya, na siku moja itatoka yenyewe nyeupe kama maziwa mgando. Uache utoke, usiukamue.

JAMBO LA PILI: USAFI

Mtoto mdogo mwoshe nje tu, kama unavyomwosha kidole. Maji safi yanatosha. Ukitaka sabuni, iwe ya kuogea, isiyo kali, na uisuuze yote itoke. Sabuni ya unga ni ya kufulia nguo. Ndani ya govi usipeleke kidole, wala pamba, wala kijiti. Nepi ikilowa ibadilishe mapema, maana mkojo na kinyesi vikikaa vinachoma ngozi.

Ukivuta kwa nguvu inakuwaje? Ngozi inachanika ndani, mahali usipopaona. Pale palipochanika vijidudu vinaingia. Halafu pakipona panaacha kovu, na kovu halinyumbuki. Yaani ulitaka kulifungua govi, umelifunga. Ndiyo maana nasema kwa sauti: NGOZI YA MTOTO ISILAZIMISHWE, si na mama, si na bibi, na hata mhudumu akitaka kuilazimisha, muulize kwa heshima sababu yake.

Mtoto akikua, govi likaanza kurudi nyuma lenyewe bila maumivu, hapo baba au mjomba amfundishe kujiosha. Avute taratibu mpaka panapokubali, amwagie maji, akaushe, halafu ALIRUDISHE MBELE. Hilo la kurudisha wengi wanalisahau, na ndilo linaloleta ile hatari niliyosimulia. Na mtoto ajue kuwa mwili ni wake. Anajiosha mwenyewe, na mtu mwingine asipachezee.

JAMBO LA TATU: DALILI ZA UGONJWA

Ncha ya govi ikiwa nyekundu kidogo siku moja, bila kuvimba, mara nyingi ni mkojo au sabuni. Acha sabuni, mwoshe kwa maji ya vuguvugu, mvalishe nguo safi isiyobana, mwangalie. Isipopungua kwa siku mbili, nenda zahanati.

Mpeleke siku hiyo hiyo ukiona haya:
1. Govi limevimba, limekuwa jekundu na linauma.
2. Unatoka usaha, au harufu mbaya.
3. Mtoto analia kila akikojoa, au mkojo unatoka kwa matone au kama uzi.
4. Kuna homa pamoja na hayo.
5. Ncha ya govi imekuwa nyeupe na ngumu kama kovu, au govi lililokuwa linafunguka sasa halifunguki.

Usingoje hata saa moja ukiona haya mawili: ngozi imekwama nyuma na hairudi, au mtoto hawezi kukojoa kabisa. Hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya kupalilia. Ngozi ikiwa imekwama, njiani mwekee kitambaa safi chenye maji baridi. Usimfunge kitu, usipake majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno, wala mitishamba.

Watoto wachanga wana lao. Mtoto wa kiume asiyetahiriwa, hasa katika mwaka wa kwanza, hupata maambukizi ya njia ya mkojo zaidi ya aliyetahiriwa. Hata hivyo ni wachache, kama mmoja katika kila 100. Huyo mmoja hawezi kusema anaumwa wapi. Utaona homa tu, anakataa ziwa, anatapika, hana nguvu. Sisi tukiona homa tunasema malaria. Sawa, apimwe malaria. Lakini malaria isipoonekana, omba na mkojo upimwe. Maambukizi hayo yakiachwa hupanda hadi kwenye figo.

Na mtoto mkubwa akikojoa damu, msilisingizie govi. Wanaooga kwenye lambo na ziwani tunawajua. Hicho kinaweza kuwa kichocho, na dawa yake ipo. Tena, mtoto anayeugua govi mara kwa mara, ana kiu sana na anakojoa sana, apimwe sukari.

JAMBO LA NNE: TOHARA

Hapa najua kuna maneno. Sisi Wasukuma wazee wetu hawakuwa na desturi ya kutahiri. Siku hizi wengi wanatahiriwa, na ni vizuri tujue sababu. Kati ya mwaka 2005 na 2007 utafiti wa Afrika Kusini, Kenya na Uganda ulionyesha kuwa mwanamume aliyetahiriwa hupunguza hatari ya kuambukizwa UKIMWI na mwanamke kwa kama asilimia 60. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tohara kwa nchi zenye maambukizi mengi. Hapa Tanzania, mkoa wa Iringa mwaka 2010 ulitahiri watu zaidi ya 10,000 kwa wiki sita. Hiyo ni kazi kubwa.

Lakini kinga ile ni ya mtu anayekutana na wanawake. Mtoto wa miaka mitatu hana haraka hiyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza mpango huo wa kuzuia UKIMWI kwa vijana wa miaka 15 na zaidi, wanaoweza kuelezwa wakakubali wenyewe. Na aliyetahiriwa naye bado anahitaji kondomu. Asilimia 60 si 100.

Kwa hiyo govi ambalo halijafunguka si sababu ya kukimbilia kisu. Hata likibana kweli, ipo dawa ya kupaka inayolegeza ngozi, na wengi hupona nayo bila kukatwa. Tabibu akiona lazima tohara, kwa mfano kuna kovu gumu au ugonjwa unaorudi rudi, basi ifanyike. Familia inayotaka kumtahiri mtoto kwa dini au kwa hiari yake, hilo ni lake. Ila yote yafanyike kwenye kituo cha afya, kwa ganzi na vifaa safi. Yule wa mnadani anatumia wembe ule ule kwa kijana huyu na yule. Damu ya huyu inaingia kwa yule. Huko ni kutafuta ugonjwa kwa kulipia.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja: "Nimeshamvuta mwanangu tangu mdogo, nifanye nini?" Jibu: Acha kuanzia leo. Kama hana maumivu wala uvimbe, endelea kumwosha nje tu. Ukiwa na wasiwasi, mwonyeshe tabibu.

Mzee mmoja: "Sisi hatukuoshwa ndani wala kupelekwa zahanati, mbona tupo?" Jibu: Ni kweli, mzee wangu, na hiyo inatuonyesha kuwa wengi hukua salama wakiachwa. Ila wale ambao hawakupona hawapo hapa kuuliza swali.

Kijana mmoja: "Wenzangu shuleni wananicheka." Jibu: Ukifikisha umri na ukataka tohara, zungumza na wazazi, mwende kituoni. Usiende kwa sababu ya kuchekwa, na usiende kwa wembe.

TULIYOKUBALIANA

Ndugu zangu, mkutano ulikubaliana matatu. Kwanza, zile dalili tano na zile hatari mbili ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye mlango wa ghala, na wanakisomo wa ngazi ya pili ndio watakaoziandika, iwe ndiyo imla yao ya wiki hii. Pili, kila balozi awasomee wasiojua kusoma katika nyumba kumi zake. Tatu, pikipiki ya ushirika ikiwepo, mtoto mgonjwa atangulie, gunia litangoja.

Mbegu tunaichagua, tunaipanda kwa mstari, wala hatuivuti mche juu ili ukue haraka. Mtoto naye tumpe nafasi yake.



Katibu wa Tawi