Wasio na Ardhi: Fundisho kutoka Historia ya Uswidi



Leo Uswidi yahesabiwa kuwa nchi ya utajiri na usawa. Lakini vijiji vyake viliwahi kujaa watu wasiomiliki hata shubiri moja ya ardhi.

Kati ya mwaka 1750 na 1850 watu wa nchi hiyo waliongezeka kutoka takriban milioni 1.8 hadi milioni 3.5. Amani, chanjo ya ndui na kilimo cha viazi viliokoa maisha ya wengi, ardhi haikuongezeka. Kisha sheria za ugawaji, hasa ile ya mwaka 1827, ziliamuru mashamba ya vijiji yapimwe upya. Malisho na misitu ya wote iligawiwa wenye mashamba, na asiye na shamba hakupata fungu.

Wanyonge hao walikuwa wa namna tatu. Torpare alipewa nyumba na kishamba, akalipa kodi kwa siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi, mara nyingi siku zile zile ambazo mavuno yake mwenyewe yalimngoja. Statare alikuwa kibarua mwenye mke, aliyefungwa kwa mkataba wa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya ujira wake ilikuwa nafaka na maziwa, na mara nyingi mkewe alilazimika kukamua ng'ombe wa tajiri. Wa chini kabisa waliishi katika vibanda, vingine vimechimbwa nusu ndani ya kilima, wakitegemea vibarua na kazi za mikono.

Mzee au yatima asiye na wa kumtunza aliangukia mikononi mwa parokia. Kwa muda mrefu mkutano wa parokia, chini ya uenyekiti wa mchungaji, ndio ulioamua hali yake. Mahali pengi maskini hao walinadiwa: aliyedai malipo madogo kuliko wote ndiye aliyekabidhiwa mtu. Minada hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1918. Walioiendesha walikuwa waumini wa kawaida, waliotaka kupunguza gharama. Hapo ndipo penye fundisho kwetu: dhuluma yaweza kukaa mezani pamoja na sala ya kufungulia kikao.

Ukombozi haukushuka wenyewe. Waswidi zaidi ya milioni moja walihamia Amerika. Waliobaki waliunda vyama vya wafanyakazi, wakadai kura, na mwaka 1921 wanaume kwa wanawake walipiga kura katika uchaguzi wa bunge. Ivar Lo-Johansson, mwana wa statare, aliyaandika maisha ya watu wake hata taifa likaona haya. Mwaka 1945 mfumo wa statare ulikomeshwa.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sadaka ilimlisha maskini wa kibandani. Haki ndiyo iliyomtoa humo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya
1. Ardhi ya wote inapogawanywa, nani huachwa nje?
2. Je, maskini hukaa katika vikao vinavyoamua habari zake?