Habari za Barani Zisizosimuliwa



Tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo lisiloonekana katika hesabu za Chama, nalo ni maradhi ya kunyamaza.

Kabla ya vita vya shifta, vilivyopiganwa tangu 1963 hata 1967, jamaa zetu wa visiwani walikuwa wakivuka kwenda Barani kulima mtama na simsim, na upande wa Kiunga palikuwa na vijiji vyenye misikiti na visima. Vita vilipoingia watu wakakimbilia visiwani, wengine wakafika Malindi na Mombasa. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita, lakini vijiji vingi havikuwapata tena watu wake. Watoto wa siku zile ndio hawa wazee mnaoketi nao barazani.

Mwaka huu, tulipokuwa tukizuru wagonjwa, tulimkuta mzee mmoja asiyepata usingizi. Hospitali alikwisha kwenda, na dua alikwisha kusomewa. Mjukuu wake akamwuliza, kwa kucheza tu, kisima cha kwao kiliitwaje. Mzee akakitaja, akataja cha pili, kisha akasimulia hata adhana ya alasiri: chungu kilichoachwa motoni, na kaburi la ndugu yake mdogo lisilo na wa kulifagia. Hakumlaumu mtu. Alikuwa akihesabu minazi ya baba yake, mmoja mmoja. Mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa hajapata kuyasikia hayo.

Hatusemi kwamba amepona. Mkewe atuambia kuwa siku nyingine hulala hata alfajiri, na siku nyingine halali.

Wako wasemao kwamba tunafukua yaliyozikwa. Wana sababu, kwani kumsimulia mwenye haraka au mwenye dhihaka ni kujiumiza mara ya pili. Lakini wazee wenyewe walitufundisha kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Wala desturi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia bintiye utendi naye yu mgonjwa. Hakungoja kupona ndipo aseme.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa taarifa yake Mei 2013, vitabu vizito kweli kweli. Lakini kitabu hakimtoshi mtu ambaye watoto wake hawajamsikia. Tena tusidanganyane: masimulizi hayarudishi shamba. Madai ya ardhi yana mahali pake, na yasiachwe.

Basi Kamati yaomba jioni moja kila mwezi. Karani ataleta daftari, lakini hataandika jina la asiyependa. Kina mama watakaa na kina mama, maana mengi waliyoyabeba siku ile hayasemeki mbele ya wanaume. Wajukuu waletwe. Na mzee atakayevuka kutoka Faza au Kizingitini atalipiwa nauli na Chama, kwenda na kurudi.