Mzee wa Miaka 19: Neno la Heshima na Vijana Wamisionari katika Bonde la Ufa

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake wengi wetu tunawajua kwa jina la Wamormoni, huwatuma vijana kuhubiri wakiwa katika umri ambao hapa kwetu mtoto ndiyo kwanza amemaliza shule ya upili. Mvulana anaweza kwenda akiwa na miaka 18, na hutumikia miezi 24; msichana hutumikia miezi 18. Hawalipwi mshahara. Huamka mapema, husoma maandiko, hujifunza lugha ya mahali walipotumwa, kisha hutoka wawili wawili na kurudi usiku, wala mmoja haruhusiwi kwenda njia yake peke yake. Kabla ya mwaka 2019 kumpigia mama simu kulikuwa jambo la sikukuu. Sasa ni mara moja kwa wiki. Nidhamu hiyo imezungumzwa vya kutosha. Mimi naomba tulitazame neno moja tu. Kwa Kiswahili cha kanisa hilo, kijana huyu wa miaka 19 anaitwa Mzee.

Uzito wa neno hili tutauona vizuri tukipitia kwanza kwa wasemaji wa Kihispania, ambao wamewapokea vijana hawa kwa wingi kuliko sisi. Kihispania kina neno lake la mzee, anciano, lakini kanisa halikulitumia kwa wamisionari. Lililichukua neno la Kiingereza jinsi lilivyo na kuliandika élder. Mama wa Guatemala akimwita kijana élder, anataja cheo tu. Sikio lake halisikii mvi wala mkongojo. Watafsiri wa Kiswahili wangeweza kufanya vivyo hivyo, maana lugha yetu haioni haya kukopa, na padri ni ushahidi. Wao wakachagua Mzee. Hivyo mtume wa kanisa mwenye miaka 80 na kijana aliyetoka darasani juzi wanaitwa kwa jina moja. Najua sikio la Mkenya linashtuka. Hata hivyo nashikilia kwamba chaguo hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu linampa mwenyeji kipimo cha kumpimia mgeni. Élder anaweza kujificha nyuma ya cheo chake. Mzee hawezi.

Kipimo chenyewe tunakijua. Nakuru tuna mzee wa mtaa, ambaye watu humwendea kabla ya kwenda kwa chifu. Makanisa kama PCEA yana wazee wa kanisa, na hao hawaletwi na barua kutoka mbali. Wanachaguliwa na watu wanaojua nyumba zao na jinsi wanavyoishi na majirani. Miongoni mwa Wakalenjin, mtu hupanda pamoja na ibinda lake, yaani rika lake, na hakuna bidii itakayomrusha mbele ya wenzake. Njia ni tofauti, ila katika zote uzee ni kitu unachopewa na wanaokujua, na dalili yake ya kwanza ni kusikiliza. Kwenye baraza mzee wa kweli huwaacha wengine wamalize.

Ndiyo maana siku ya mmisionari naiona kuwa mtihani wa lugha kabla ya kuwa kazi ya mahubiri. Unaanza kwenye hodi. Katika ploti za Kaptembwa au Rhonda, mitaa ya hapa Nakuru, ambako familia nyingi zinatumia lango moja, kujua sentensi hakutoshi. Lazima ujue nani aamkiwe kwanza, na kwamba habari za watoto na za shamba huulizwa kabla ya shida iliyokuleta. Halafu inakuja chai. Kericho ya mashamba ya chai haiko mbali nasi, na mgeni kuondoka bila kikombe ni aibu kwa mwenye nyumba. Lakini Neno la Hekima, maagizo ambayo kanisa hili liliyapokea mwaka 1833, linawakataza waumini wake chai na kahawa. Hapo kijana akisema tu “sinywi”, ameikataa nyumba. Akisema “asante mama, maji yatanitosha”, kisha akaketi na kuendeleza mazungumzo, amebaki mgeni wa nyumba hiyo. Mursik, maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin, pia hauko kwenye katazo, na anayejua hivyo amejiokoa mara nyingi. Wasichana, nadhani, wana wepesi kidogo: wao huitwa Dada, neno linalowafaa tayari, na linalowafikisha hadi jikoni.

Yako mapingamizi matatu. La kwanza ni kwamba Kiingereza kinatosha, kwa kuwa ni lugha rasmi na watu wa mjini wanakijua. Kinatosha kwa kutoa maelezo. Mtu anapomsimulia mgeni juu ya mwanawe anayekunywa pombe, hutafuta lugha nyingine. Tena si wote wanaotumwa ni Wamarekani. Wamo Waafrika wengi, na kwa kijana wa Zimbabwe Kiswahili ni kigeni vilevile. La pili ni zito zaidi: lugha hapa ni chambo, kijana anajifunza ili atubadilishe dini. Ni kweli, na halifichiki. Lakini Krapf, mmisionari Mjerumani, naye alijifunza Kiswahili Mombasa tangu 1844 kwa nia hiyohiyo, na kamusi yake ya 1882 imewatumikia Waislamu, Wakristo na wasio na dini. Anayejifunza lugha hawezi kuchagua yapi yamwingie. La tatu linasema ujana si kizuizi, maana Timotheo wa Biblia naye alikuwa kijana. Sawa, lakini Paulo alimtaka awe kielelezo, na kielelezo hutazamwa na watu kabla hakijakubaliwa.

Kuna sababu nyingine ya kulijali jambo hili hapa hasa. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi katika Bonde la Ufa, lugha ya mama ilitosha kumtia mtu hatarini. Anayebisha hodi kwa Kiswahili katika mji huu anakuja bila kuuliza wewe ni wa kabila gani, na hilo wenyeji wanalisikia hata kama yeye halijui.

Miezi 24 ikiisha, kanisa humwachilia kijana kutoka utumishi, na watu wake wanarudi kumwita kwa jina lake. Kihispania kinaruhusu hilo kwa urahisi: élder linavuliwa pamoja na beji. Kiswahili hakina namna ya kumvua mtu uzee. Atakayempokea mmisionari mwakani kwenye ploti ileile atauliza kwanza habari za yule aliyetangulia, na jina atakalomtaja nalo litaonyesha kama mtaa ulimpa uzee au ulimpa adabu tu.