Senti ya Tundu na Mgeni Mwenye Fomu

Matini ya hotuba kwa wawakilishi wa jamii za mpakani, Jinja



Leo tutazungumza juu ya sarafu za zamani. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi za mashariki mwa Uganda zimo sarafu zilizoachwa na wazazi: ndani ya chungu, chini ya sanduku, au zimetungwa kwenye kamba. Tunajua pia kwamba wapo watu wanaopita wakizitafuta. Baadhi yao ni wanunuzi wa haki. Wengine wanachotafuta si sarafu, bali ni pesa zilizomo mfukoni mwa mwenye sarafu.

Tuchukue mfano, ambao si kisa cha mtu yeyote aliyeko hapa. Mgeni anabisha hodi kwa bibi mmoja. Amevaa nadhifu, ana kitambulisho kifuani na fomu zilizochapishwa vizuri. Anauliza kama nyumbani mna senti za tundu. Bibi anatoa kamba yake. Mgeni anachagua senti kumi moja, anaitazama kwa kioo cha kukuza, ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Mama, hii ni ya mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Huko ng'ambo wanaitafuta." Anaeleza kwamba yeye ni wakala aliyeidhinishwa, kwamba kampuni ya Marekani itaipima, na kwamba baada ya hapo itauzwa kwa mamilioni. Linalotakiwa ni ada ya kupima tu. Bibi anauza mbuzi wawili. Wiki ya pili inatakiwa bima. Wiki ya tatu unatakiwa ushuru wa mpakani. Wiki ya nne simu haipatikani.

Ugumu wa uongo huu ni kwamba umejengwa juu ya ukweli. Mfalme huyo alikuwapo. Kampuni za kupima sarafu zipo. Wafanyabiashara walioidhinishwa wapo, na ada ya kupima hulipwa kweli. Kwa hiyo haitoshi sisi kuwaambia, "Jihadharini na matapeli." Inatupasa kuujua utaratibu wa kweli, ili wa uongo ukija tuutambue kwa kile unachokikosa.

Tuanze na sarafu zenyewe. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Mwaka 1920 ilileta florini badala ya rupia. Florini haikudumu, na mwaka 1921 shilingi ikachukua nafasi yake. Tangu hapo, senti za tundu zenye picha ya pembe za ndovu na shilingi yenye simba mbele ya milima zilitumika Uganda, Kenya na Tanganyika bila kujali mpaka. Mkulima wa pamba wa Busoga na mvuvi wa Kisumu walishika pesa ile ile, mpaka nchi zetu zilipotoa pesa zao wenyewe mwaka 1966. Ndiyo sababu sarafu hizo ziko pande zote mbili za Malaba, na ndiyo sababu mgeni huyu naye hufanya kazi pande zote mbili.

Sasa ile senti ya mfalme. Edward wa Nane alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, kisha akajiuzulu. Senti tano na senti kumi za eneo letu za mwaka huo zina jina lake. Lakini ufupi wa utawala haukuzifanya sarafu ziwe chache: zilitengenezwa kwa mamilioni. Hata leo, kwa kawaida, moja huuzwa kwa dola chache tu za Marekani. Vivyo hivyo, husemwa kwamba shilingi ya zamani ni madini ya fedha matupu. Si kweli. Shilingi ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1946 ilikuwa na fedha robo tu ya uzito wake, yaani karibu gramu mbili. Zile za kuanzia mwaka 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata kidogo.

Hatusemi kwamba hakuna sarafu ya Afrika Mashariki yenye thamani kubwa. Ipo, kwa mfano, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa na Wajerumani mjini Tabora mwaka 1916, wakati wa vita. Zilitoka takriban 16,000 tu. Watozaji wa sarafu duniani huitafuta. Na kwa kuwa kitu kinachotafutwa hughushiwa, mnunuzi aliye mbali atajuaje kwamba anayoletewa ni ya kweli? Hapo ndipo kampuni za kupima zinapoingia.

Kampuni mbili mashuhuri zaidi ni za Marekani: PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyoanza mwaka 1987. Kazi yao ni mbili: kutamka kama sarafu ni halali au ya kughushi, na kuipa daraja la ubora wa hali yake. Daraja hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon, aliyekitangaza mwaka 1949. Moja ni sarafu iliyochakaa hata haisomeki vizuri. 70 ni ile isiyo na dosari hata ikikuzwa. Wapimaji zaidi ya mmoja huitazama, kila mmoja peke yake, bila kuambiwa ni ya nani. Kisha hufungwa katika kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba yake. Namba hiyo mtu yeyote anaweza kuitafuta katika tovuti ya kampuni.

Mfanyabiashara aliyeidhinishwa ana nafasi gani? Yeye ni daraja kati ya mwenye sarafu na kampuni. Huomba kukubaliwa, na akikubaliwa jina lake huwekwa katika orodha iliyo wazi kwa umma. Huitazama sarafu kwanza kwa macho yake. Hujaza fomu inayotaja aina ya sarafu, mwaka wake, na thamani anayoikadiria. Huifunga vizuri na kuituma kwa bima, akampa mwenyewe stakabadhi. Sarafu ikirudi na daraja lake, humrudishia mwenyewe, au humuuzia kwa kamisheni waliyokubaliana mapema. Hana uwezo wa kuwaamuru wapimaji watoe daraja gani. Anaweza kuomba ipimwe upya, basi.

Tuyashike mambo matatu hapa. La kwanza: kampuni ya kupima hainunui sarafu yako. NGC, kwa mfano, huwakataza wapimaji wake kufanya biashara ya sarafu, ili asiwepo mtu anayepima kitu anachotaka kukinunua. Kwa hiyo, anayekuambia kwamba "kampuni ya kupima imekwisha kukubali kuinunua kwa mamilioni" amekudanganya kabla hajaomba hata shilingi moja.

La pili: daraja si bei. Kupimwa hakumpi mtu mnunuzi. Daraja hueleza hali ya sarafu. Bei huamuliwa na uchache wake na watu wanaoitaka.

La tatu, na hili ndilo tunaloomba mrudi nalo nyumbani: mfanyabiashara mkweli hutangulia kukukatisha tamaa. Ada ya kupima sarafu moja ni kadiri ya dola 20 au zaidi, na usafirishaji wenye bima huongezwa juu yake. Ni nani mwenye akili timamu atatumia fedha hizo kuipima senti inayouzwa kwa dola chache? Kwa hiyo, mtu anayeijua kazi hii, akiletewa kamba ya senti za tundu, atasema: "Mama, hizi ni kumbukumbu nzuri ya wazee. Zihifadhi. Hazistahili gharama ya kupimwa." Neno hilo halifurahishi, lakini ndilo huduma yake ya kwanza. Tapeli hawezi kulisema, kwa maana akilisema hana chake.

Basi mgeni akija, mfanyeni nini? Mkaribisheni kwa adabu, maana ukarimu ni desturi yetu, lakini mazungumzo yafanyike mbele ya mtu wa tatu: kijana wa nyumbani, jirani, au mwenyekiti wa LC1. Mwulizeni jina lake kamili na kampuni iliyomwidhinisha, kisha mwombeni muda. Kijana mwenye simu ya intaneti atafute orodha katika tovuti ya kampuni yenyewe, si katika kiungo anachotoa mgeni. Mfanyabiashara wa haki hatakasirika kwa kusubiri siku mbili. Anayesema "ni leo au basi" amejitambulisha.

Msimpe sarafu bila stakabadhi yenye maelezo na picha yake ya pande zote mbili. Msilipe kwa simu ya mtu binafsi ada inayodaiwa kuwa ya kampuni. Na anayewauzia ninyi sarafu iliyomo ndani ya kasha la plastiki, msiridhike na kasha. Makasha nayo hughushiwa, na namba ya kweli inaweza kunakiliwa juu ya sarafu ya uongo. Itafuteni namba, na ikiwa picha ipo, ilinganisheni na sarafu iliyo mkononi.

Tena, msizisugue. Wengi wetu tukitaka kuonyesha kitu tunaking'arisha kwanza kwa majivu, mchanga au ndimu. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani kwa watozaji, na wapimaji huandika juu ya lebo kwamba ilisafishwa. Iacheni na weusi wake. Na iwapo mtafukua ardhini chungu chenye sarafu au kete za simbi, hicho huenda ni urithi wa taifa. Mwarifuni mwenyekiti wa LC1 na polisi, ili kifikishwe kwa wataalamu wa Makumbusho ya Uganda, Kampala, kabla hakijavushwa mpaka.

Mwisho, tuseme juu ya aibu. Bibi wa mfano wetu hatakuja kituoni. Ataogopa watoto wake wasije wakamuuliza mbuzi wamekwenda wapi. Atasema moyoni, "Nilitamani, nimepata." Nasi tunasema: kujipatia mali kwa ulaghai ni kosa la jinai, na mkosaji ni aliyedanganya, si aliyedanganywa. Akinyamaza, mgeni yule yule atabisha hodi ng'ambo ya mto kesho, kwa bibi mwingine, kwa fomu zile zile. Akija mapema na ujumbe wa simu, namba zilizopokea pesa na jina alilotajiwa, tuna pa kuanzia, hata kwa kushirikiana na wenzetu wa Kenya. Njooni kituo cha karibu, au pigeni 999 au 112 bila malipo. Nasi maofisa tunakumbushwa hapa hapa: mama akija na habari ya senti kumi, asichekwe. Hakuja kwa ajili ya senti, amekuja kwa ajili ya mbuzi wake wawili na heshima yake.