Karatasi ya mshahara ndiyo inatugawanya

Haya ndiyo niliyosema darasani kwenye mjadala wa ushuru. Sitaji chama wala mwanasiasa.

1/ Dadangu ameandikwa kazi ofisini, ana mkataba. Kakangu ni kibarua wa mjengo. Tozo ya nyumba ilipoanza Julai 2023, dada alikatwa 1.5% ya mshahara kabla hajaushika. Kaka hakukatwa kitu. Dada akalalamika: "Kwani ni mimi tu wa kukamuliwa?" Kaka akamjibu: "Wewe ukipunguzwa kazini utalipwa kitu. Mimi nikiambiwa kesho usikuje, basi."

2/ Wote wawili walisema kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa anayepunguzwa kazini malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mpaka mwezi utimie, ahesabiwe kama mfanyakazi wa mwezi. Sasa mwajiri mjanja anafanya nini? Anakupumzisha kabla mwezi haujafika.

3/ Kumbe mstari uliochorwa na mkataba ndio ushuru unaoufuata. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema tozo hiyo inakiuka Katiba, sababu mojawapo ikiwa iliwabagua walioajiriwa rasmi. Machi 2024 ikaja sheria mpya inayogusa kila mwenye kipato. Sawa, lakini 1.5% ya mtu anayelipwa pesa mkononi jioni utaikata wapi?

4/ Hapo ndipo kura zinapogawanyika. Dada anaona analipia watu wasiochangia. Kaka ananunua sabuni yenye VAT ya 16%, halafu anaambiwa hachangii. Hao wawili wangefaa kudai pamoja kwamba wenye mali nyingi walipe zaidi. Badala yake wanahesabiana makato, na mwenye mali anawatazama tu.

5/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi kutoza wakubwa ili wadogo wasaidiwe, usiulize asilimia peke yake. Muulize: huyu wa mjengo atapata mkataba lini? Bila hiyo, ushuru mpya utaishia kwa yule yule mwenye karatasi ya mshahara, naye ataupinga. Na mimi sitamlaumu.

Dada na kaka bado wanabishana. Ila juzi nilimsikia dada akimwuliza kaka, "Hapo site umemaliza siku ngapi?" Wakaanza kuhesabu pamoja.